Wodi ya wazazi yenye taa kali: mama hapati usingizi, daktari haoni

Swali: Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi katika kituo cha afya hapa Tanzania. Tyubu zetu za zamani zilipoungua tuliweka tyubu za LED, zile nyeupe sana. Tangu hapo kina mama wanalalamika hawalali, wengi wanajifunika khanga usoni usiku kucha. Manesi wa zamu ya usiku nao ikifika saa 10 alfajiri wanasinzia vilevile, na wakirudi nyumbani usingizi hawapati. Wakati huohuo daktari anataka tuongeze taa chumba cha kujifungulia kwa sababu akishona msamba haoni vizuri. Bajeti ni ndogo. Tununue taa gani?

Jibu: Ndugu muuguzi, jibu la swali lako limo ndani ya malalamiko yenyewe. Mama anasema mwanga umezidi, daktari anasema hautoshi, na wote wawili wana haki. Hakuna taa utakayoinunua ikawaridhisha wote ikiwa itaning'inia katikati ya dari na kuwashwa kwa swichi moja. Mhudumu anahitaji mwanga mwingi mahali padogo kwa dakika chache. Mgonjwa anahitaji giza la usiku mzima. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye nyaya na swichi, ya pili kwenye taa ya kufanyia kazi inayosogezwa, na taa za dari zije mwisho.

Tuanze na khanga usoni, maana hilo si jambo la usumbufu tu. Mama aliyetoka kujifungua anatazamwa midomo, macho na rangi ya uso ili damu ikizidi kutoka igundulike mapema. Akijifunika, muuguzi anayepita haoni chochote, na kila akitaka kumwangalia inabidi amwamshe. Taa iliyowekwa ili mgonjwa aonekane imemfanya ajifiche.

Kwa nini analazimika kujifunika? Fundi anapofunga taa amesimama, anatazama sakafu na kuta, anaona chumba kimeng'aa, anaridhika. Mgonjwa amelala chali. Mama aliyefanyiwa upasuaji hawezi kujigeuza ubavu kwa urahisi saa za mwanzo, na tyubu iko mbele ya macho yake kabisa, tupu, bila kifuniko. Ndiyo maana mwanga wa wodi hupimwa mara mbili: mara ya kwanza kitandani, pale mkono wa dripu unapolala, na mara ya pili usawa wa jicho, kipimo kikiwa kimeelekezwa kule anakotazama mgonjwa.

Kuna sababu nyingine, nayo ni rangi ya mwanga. Jicho halina kazi ya kuona peke yake. Mwaka 2002 David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho, zimo seli chache zinazohisi mwanga zenyewe kwa kutumia kemikali iitwayo melanopsini, kisha hupeleka habari kwenye saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo. Seli hizo huitikia zaidi mwanga wa bluu, wa mawimbi ya karibu nanometa 480. Zikiupata usiku, mwili hupunguza melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia.

Sasa tazama boksi la tyubu zako. Bila shaka limeandikwa 6500K, na pengine neno "daylight". Hizo kelvini ni rangi ya mwanga: 2700 ni wa manjano kama balbu za zamani, 4000 ni mweupe wa kawaida, 6500 ni mweupe wenye ubluu. Luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali, na kwa kuona, luksi 100 ni luksi 100, taa iwe ya rangi yoyote. Kwa seli za melanopsini hesabu inabadilika: luksi 100 za LED ya kelvini 6500 huhesabika kama 90 hivi au zaidi, za kelvini 4000 kama 60, na za kelvini 2700 kama 40 na kitu. Mwaka 2022 jopo la wanasayansi wa mataifa mbalimbali lilipendekeza viwango kwa hesabu hiyo, vikipimwa kwenye jicho: mchana visipungue 250, saa tatu za mwisho kabla ya kulala visizidi 10, na wakati wa kulala visizidi 1. Linganisha na wodi yako. Ikiwa saa 6 usiku jicho la mama linapokea luksi 100 za tyubu ya 6500, saa yake ya mwili inapata takriban mara 90 ya kiwango cha kulalia.

Hapo pia utaona kwamba kubadilisha rangi ya tyubu peke yake hakuponyi. Ukitoa 6500 ukaweka 2700 na kuacha zote zikiwaka, umepunguza zaidi ya nusu, lakini bado uko mbali sana na 1. Rangi inasaidia, kinachomlaza mama ni kuzima.

Kugawa laini

Katika vituo vingi swichi ya mlangoni inawasha tyubu zote kwa pamoja, hivyo muuguzi ana njia mbili tu: chumba chote cheupe au giza totoro. Akiwa na akili timamu atachagua cheupe. Mwambie fundi umeme agawe wodi katika laini tatu.

Laini ya kwanza ni taa kuu za dari. Hizi ni za mchana, za usafi, za mzunguko wa daktari na za dharura. Zenyewe zigawanywe nusu kwa nusu, upande wa dirishani na upande wa ndani, kwa sababu mchana upande wa dirishani mara nyingi hauhitaji taa. Weka swichi ya njia mbili, moja mlangoni na nyingine mezani kwa muuguzi, na izungushie mkanda mwekundu. Mama akianza kutoka damu nyingi, wodi nzima lazima iwake kwa kidole kimoja, na nesi mgeni asihangaike kutafuta swichi ipi. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaogawa taa vizuri, kisha usiku wa dharura kila mtu anabonyeza asichokijua.

Laini ya pili ni taa ya kila kitanda, iliyofungwa ukutani kimo cha mita 1.6 hadi 1.8 kutoka sakafuni, yenye kifuniko kinachotupa mwanga chini kitandani na kuuzuia usimfikie mama wa kitanda jirani. Balbu ya wati 5 hadi 7, lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) 450 hadi 600, kelvini 2700 au 3000, inatosha kunyonyesha, kubadilisha nepi na kusoma kadi. Swichi iwe mahali mama anapoifikia akiwa amelala. Ukiiweka juu ya kichwa chake pasipofikika, itawaka mpaka asubuhi.

Laini ya tatu ni taa ndogo za njia, wati 1 kila moja, rangi ya chungwa au manjano, zifungwe sentimita 30 hivi kutoka sakafuni kuanzia vitandani hadi chooni. Mgonjwa aliyelala hazioni, anayeinuka anaona anapokanyaga. Luksi 1 hadi 5 sakafuni zinatosha. Usizipandishe juu kwa kuogopa deki na maji. Omba zile zilizofungwa kwa mpira zisizopitisha maji.

Meza ya muuguzi iwe na taa yake, yenye kofia, inayoangaza faili na patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, bila kumulika vitanda. Meza ikiwa inatazamana na vitanda, izungushe au weka ubao mfupi mbele yake.

Hesabu ya taa za dari

Kiwango cha Ulaya cha taa za ndani, EN 12464-1, kinataka luksi 100 sakafuni kwa mwanga wa jumla wa wodi, 300 kwa kusoma na uchunguzi mwepesi kitandani, 1000 kwa uchunguzi na matibabu, na 5 kwa usiku. Ni viwango vizuri kuvifuata hata kama fundi wako hajawahi kuvisikia, kwa kuwa vinamzuia asibahatishe.

Tuseme wodi ni mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Luksi 100 mara 48 ni lumeni 4800. Lakini si mwanga wote unaotoka kwenye tyubu unaofika chini: kama nusu huishia ukutani na darini, na baada ya miezi kadhaa vumbi na uchakavu huchukua asilimia 20 nyingine. Kwa hiyo gawa 4800 kwa 0.5, kisha kwa 0.8. Unapata lumeni 12,000. Tyubu ya LED ya futi 4, wati 18, hutoa lumeni 1800 hivi, kwa hiyo unahitaji tyubu saba. Ziweke nane ili zigawanyike nne kwa nne. Chumba cha kujifungulia cha mita 5 kwa 4 kinachotaka luksi 300 kinahitaji lumeni 15,000 kwa hesabu hiyohiyo, yaani tyubu tisa. Wengi hushangaa kuona chumba kidogo kinakula taa nyingi kuliko wodi, ila ndivyo kazi inavyodai.

Ile nusu inayopotea hutegemea sana rangi ya kuta. Majengo yetu mengi ya serikali yana mkanda wa rangi ya mafuta ya kijani kibichi au kahawia kutoka sakafuni hadi kifuani, mzuri kwa kufutika, mbaya kwa mwanga. Ukipaka upya, chagua rangi ya krimu inayooshika isiyong'aa sana, na dari iwe nyeupe. Ndoo mbili za rangi zinaweza kukuokolea tyubu mbili.

Zifunge tyubu juu ya njia ya katikati ya vitanda, zisiwe juu ya mito, na kila moja iwe na kifuniko cheupe kama maziwa. Kifuniko hicho kinataka kufunguliwa na kuoshwa kila miezi mitatu. Tazama moja kwa karibu usiku wa mvua za vuli: chini yake kuna tabaka jeusi la kumbikumbi na mbu waliokufa, na mwanga unapita pembeni tu. Wadudu, hata hivyo, huvutwa zaidi na mwanga wenye bluu kuliko wa manjano, hivyo taa za nje, hasa za karibu na madirisha ya chumba cha kujifungulia, zikiwa za kelvini 2700 na zikisogezwa mbali na dirisha, wadudu watakaoingia watapungua.

Daktari na msamba

Hapa kuongeza tyubu darini hakutasaidia, hata ukiweka ishirini. Daktari ameinama. Kichwa chake na mabega yake viko kati ya dari na kidonda. Kila tyubu unayoongeza inamulika kisogo chake na kuongeza kivuli mahali sindano inapopita. Anachohitaji ni mwanga unaotoka upande wake, juu kidogo ya bega, au kutoka kwenye paji la uso wake.

Nunua taa ya uchunguzi ya magurudumu yenye shingo inayopinda. Katika maelezo yake tafuta mambo matatu: luksi 1000 au zaidi kwa umbali wa mita 1, kelvini kati ya 3300 na 5300, na uwezo wa kuonyesha rangi, unaoandikwa Ra au CRI, wa 90 au zaidi. Ukisogeza taa ndogo kutoka mita 1 hadi nusu mita, mwanga unakuwa karibu mara nne, kwa hiyo shingo ndefu inayotulia mahali pake ina thamani kuliko wati nyingi. Ijaribu dukani: pinda shingo, iachie, hesabu hadi 60. Ikishuka, iache hapohapo. Taa za halojeni zikwepe, zinampikia daktari jasho na kukausha kidonda. Tochi nzuri ya kichwani ya kuchaji iwe ya pili yake, na umeme ukikatika ndiyo itakayomalizia mshono.

Mwanga wa jumla wa chumba usizimwe wakati wa kushona. Kidonda kikiwa kwenye mwanga mkali na chumba kikiwa gizani, macho ya daktari hulazimika kuzoea upya kila anapogeukia trei ya vifaa, na uchovu huja haraka.

Hiyo Ra inastahili maelezo zaidi kidogo, maana ndiyo wauzaji wasiyoitaja. LED nyingi za bei nafuu zina Ra 80 au chini yake, na udhaifu wake mkubwa uko kwenye rangi nyekundu iliyokolea, inayopimwa peke yake kwa alama ya R9. Taa yenye Ra 80 inaweza kuwa na R9 karibu na sifuri. Damu, ulimi, kiganja na utando wa ndani ya kope vyote vinategemea wekundu huo. Chini ya taa kama hiyo mama mwenye damu ya kutosha anaonekana kapauka, na aliyepauka kweli hatofautiani na jirani yake. Kwa taa ya uchunguzi taka R9 isiyopungua 50. Midomo kuwa ya bluu nayo inafichwa na taa mbaya, kiasi kwamba Australia na New Zealand wana kipimo maalumu cha taa za hospitali kwa ajili hiyo, kisichotakiwa kuzidi 3.3.

Kwa sababu hiyohiyo, taa za manjano za usiku zisitumike kuamua chochote kuhusu rangi ya mtu. Chini ya mwanga wa kelvini 2700 umanjano wa kichanga unajificha. Muuguzi akiwa na shaka, awashe taa ya uchunguzi, aamue, azime. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, abonyeze fizi na ncha ya pua, atazame weupe wa jicho, na ikiwezekana amsogeze mtoto dirishani asubuhi. Mshipa wa kuwekea kanula kwenye ngozi nyeusi huonekana vizuri taa ikilazwa ubavuni mwa mkono kuliko ikimulika kutoka juu, maana mshipa uliotuna hutupa kivuli chake.

Manesi wa usiku

Kwamba taa kali zinawaweka macho manesi ni kweli nusu. Mwanga huondoa usingizi kwa kiasi fulani, lakini saa 10 na saa 11 alfajiri ndipo joto la mwili linakuwa chini kabisa, na hakuna tyubu inayofuta hilo. Tena mwanga mkali wa saa za mwisho za zamu ndio unaochangia kuwanyima usingizi wakifika nyumbani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 na timu ya Charles Czeisler huko Boston ulionyesha kuwa saa ya mwili ya mfanyakazi wa usiku inaweza kugeuzwa kabisa, ila kwa luksi 7000 hadi 12,000 usiku na chumba cheusi ti mchana, siku kadhaa mfululizo. Hayo hayawezekani kwenu, na kwa nesi anayefanya usiku mbili tatu kisha kurudi mchana hayafai hata kidogo. Lengo liwe dogo zaidi: awe macho anapohitajika, kisha alale akifika nyumbani.

Tengeneza kona moja nje ya wodi, chumba cha dawa au cha wafanyakazi, yenye luksi 500 na zaidi za kelvini 4000. Kuanzia mwanzo wa zamu hadi saa 9 usiku, kazi za kuandika na kuandaa dawa zifanyikie huko, na anayejisikia kuzidiwa akae humo robo saa. Baada ya saa 9 mwanga wa humo upunguzwe, ubaki wa mezani tu, isipokuwa panapopimwa na kuhesabiwa dawa. Dawa haina mjadala: katika duka la dawa lenye kazi nyingi Marekani, utafiti wa mwaka 1991 ulikuta makosa ya utoaji dawa yakiwa asilimia 3.8 chini ya luksi 450, yakashuka hadi 2.6 chini ya luksi 1570. Na ukumbuke umri wa wafanyakazi wako. Lenzi ya jicho huwa ya manjano na mboni husinyaa kadiri miaka inavyokwenda, hata retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja ya mwanga anaopata kijana wa miaka 20. Sista wa miaka 55 anayesogeza chupa ya dawa dirishani ili asome lebo anahitaji taa, asionekane mzembe.

Asubuhi akitoka, jua la saa 1 na kitu linaiambia saa yake ya mwili kuwa siku imeanza. Kofia pana au miwani ya jua hadi nyumbani inasaidia, kwa sharti kwamba anabebwa na mtu. Anayeendesha pikipiki au gari mwenyewe asivae miwani ya giza akiwa na usingizi. Nyumbani pazia la kitenge halitoshi. Blanketi zito dirishani linatosha.

Mchana usisahaulike

Tumeongelea usiku sana, lakini usingizi wa mama hutengenezwa mchana. Nje ya jengo lako adhuhuri kuna luksi 100,000 juani, na hata siku ya mawingu ni 10,000. Ndani, kitanda cha mwisho chini ya veranda pana na pazia zito kinaweza kupata 50. Mwili unaoishi saa zote kwenye mwanga uleule hafifu hautambui mpaka wa mchana na usiku.

Hili lina ushahidi. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliokuwa na dirisha linalotazama miti walikaa siku 7.96 baada ya upasuaji, waliotazama ukuta wa matofali siku 8.70, na wa miti walitumia dawa kali za maumivu chache kuliko wa ukuta. Mwaka 2005 watafiti wa Pittsburgh walikuta wagonjwa 89 wa upasuaji wa uti wa mgongo wakitofautiana vilevile: wa upande wenye jua zaidi walitumia dawa za maumivu pungufu kwa asilimia 22 kwa saa. Ni tafiti ndogo, na hazikuhusu wodi za wazazi, lakini hatua zake hazigharimu kitu: mapazia yafunguliwe saa 12 na nusu asubuhi, vioo vioshwe, makabati yaondolewe madirishani, na vitanda vya wanaokaa siku nyingi, wale wa upasuaji na wenye kifafa cha mimba walioshatulia, viwe vya dirishani. Zuia jua kali lisimpige mtu usoni kwa pazia jepesi jeupe. Mama anayeweza kutembea akae nje kivulini nusu saa asubuhi.

Kona ya vichanga ina tatizo lake. Taa za kutibu umanjano zilianzia hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, ambako mwaka 1956 muuguzi aitwaye Jean Ward aliona ngozi ya kichanga iliyopigwa jua imepungua umanjano kuliko sehemu iliyofunikwa na shuka. Leo taa hizo ni za bluu, nanometa 460 hadi 490, karibu kabisa na ile bluu inayoamsha saa ya mwili. Taa ya mtoto mmoja inawanyima usingizi mama wanne na kumuumiza kichwa nesi. Zungushia kitanda hicho pazia jeupe kwa pembeni, juu pawe wazi ili joto litoke, na macho ya mtoto yafunikwe. Chini ya bluu hiyo huwezi kujua kama mtoto ni wa manjano au midomo imegeuka rangi, kwa hiyo zima taa unapomkagua. Kumwanika mtoto juani si mbadala wa matibabu hayo.

Ya kuepuka dukani

Muuzaji anaweza kukuletea taa za kisasa zinazobadili rangi zenyewe kutwa. Zina uzuri wake, lakini hospitali moja ya Uholanzi ilizijaribu katika utafiti wa wagonjwa 734 wa chumba cha wagonjwa mahututi, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, na hazikupunguza kuchanganyikiwa kwa wagonjwa. Kwa bajeti yako ziache.

Tyubu inayopepesa pia iache. LED isiyo na saketi nzuri ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50. Jicho halioni, kichwa kinauma. Ielekezee kamera ya simu kwa video ya mwendo wa polepole. Ukiona milia inayotembea au taa inayowaka na kuzima, rudisha. Chagua yenye maandishi ya volti 85 hadi 265 badala ya 220 hadi 240, maana umeme unaopanda na kushuka ndio unaoua tyubu za bei rahisi kabla ya mwaka kwisha. Kwa sola na betri, ziunganishe kwanza taa ya uchunguzi, taa za njia na meza ya dawa. Taa kuu za dari zisubiri jenereta. Mkiwa na chumba cha upasuaji, taa yake ya juu ya meza iwe na betri yake yenyewe inayoshika ndani ya nusu sekunde.

Fedha zikitosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua taa ya magurudumu, na fundi atenganishe tyubu za dari katika nusu mbili. Mwezi ujao taa za njia. Taa za vitanda zije baadaye, hata kitanda kimoja kimoja, ukianza na vya upasuaji.

Fundi akishamaliza usimlipe papo hapo. Subiri giza liingie, washa taa za usiku peke yake, kisha lala chali kwenye kila kitanda, kimoja baada ya kingine. Ukiiona taa tupu kwa jicho lako kutoka kitanda chochote, airekebishe. Kisha kwa wiki moja, saa 6 usiku, nesi wa zamu aandike kwenye daftari idadi ya kina mama waliofunika uso kwa khanga. Anza kuhesabu leo kabla fundi hajafika, upate cha kulinganisha.